Picha ya Dirishani

Walimwita Kinyumenyume, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na sita alipiga picha kwa lenzi moja isiyovuta wala kupanua. Akitaka watu waenee, ilimbidi arudi nyuma kwa miguu yake. Kwenye harusi moja alirudi mpaka akakalia keki. Lakini lenzi hiyo ilitoa nyuso kama zilivyo, na kwa hilo, tusifichane, aliringa.

Mama yake alipougua na daktari akaacha kuzungumzia dawa, aliomba kitu kimoja tu: picha ya wanawe wote sita, yeye katikati. Chumba chake kilikuwa hatua nne kwa tatu. Mpiga picha mwenzake akamwazima Kinyumenyume zumu pana, lenzi inayomeza chumba kizima.

"Hii inawavuta nyuso watu wa pembeni," alilalamika Kinyumenyume.

"Wavutike tu. Au utawaacha nje?"

Akaitia mkobani. Aling'oa fremu ya dirisha, akapanda juu ya pipa huko nje, na kwa lenzi yake ya siku zote akapata picha safi ajabu. Kesho yake akampelekea mama. Mama aliishika muda mrefu, kidole kikipita uso mmoja mmoja.

"Watano," alisema. "Wewe uko wapi?"

"Si ndimi niliyepiga, mama? Nilikuwa nje."

"Kila picha ya nyumba hii uko nje, mwanangu."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata kwenye picha za mazishi ya baba hakuwemo. Akawaita tena nduguze, akafunga zumu pana, akaiweka kamera juu ya kabati, akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, kisha akakimbilia nafasi iliyobaki, pembeni kabisa.

Mama alifariki siku ya tisa baada ya hapo.

Picha ya dirishani imo sandukuni. Iliyotundikwa studio ni ile ya pili. Ndani yake uso wa Kinyumenyume umerefuka kama papai, sikio linagusa ukingo, na wateja wanaojua kazi huuliza nani aliyeiharibu.

"Mimi," huwajibu, na kuendelea na kazi yake.

Ndugu zake wote wanaitazama kamera. Mama peke yake amegeuza kichwa pembeni, anamtazama yeye.