Siku Gurudumu Langu Lilipopigwa Mnada Kanisani

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Gonja hata watoto wakiniona wananiita Sadaka, na jina lenyewe nimejitafutia kwa mikono yangu miwili na spana moja.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na mchana wake Mzee Mbwambo, baba yake Namsifu, alikuwa amekubali kwa taabu sana nifike kwake nijieleze kuhusu binti yake (mzee hapendi vijana wa bodaboda, anasema tunamkumbuka Mungu tukifika kwenye kona tu). Sasa breki ya nyuma ya pikipiki yangu ilikuwa inalia kama mbuzi, nikaona aibu kuingia ukweni na kelele zile, nikajiambia ya nini kumsumbua fundi wakati spana ninayo, basi asubuhi na mapema nikafungua nati, nikachomoa ekseli, nikatoa mnyororo, gurudumu hilo nje, nikafuta vumbi lote la Same lililojaa kwenye breki, nikajiona mhandisi. Wakati wa kulirudisha ndipo nikaona mwiba wa huko tambarare umezama kwenye tairi na upepo umekwisha.

Fundi pancha wetu ni Kiondo, na Kiondo anaimba besi kwenye kwaya, Jumapili hafungui kibanda mpaka ibada iishe. Nikaamua kubeba gurudumu langu nikasali, tukitoka anizibie. Nikaliegemeza kwenye ukuta wa kanisa, kando ya mikungu ya ndizi na magunia ya tangawizi (nani angedhani!), nikamdokeza Kiondo habari ya pancha mlangoni, nikaingia ndani.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kunadi mavuno yaliyotolewa sadaka, wakaanza na kuku, wakaja magimbi, mara mzee wa kanisa anayenadi akainua gurudumu langu juu.

"Na hili limetolewa na nani?"

Mama mmoja jirani yetu akadakia kwa furaha, "La Eliamani! Nimemwona akija nalo begani!"

Vigelegele! Nikafungua mdomo niseme hapana, macho yakagongana na ya Mzee Mbwambo, naye anatabasamu, mzee ambaye siku zote marahaba yake kwangu inatokea puani. Nikafunga mdomo. Nikapiga makofi na mimi (kweli kabisa, nilipiga makofi). Nikajaribu kulinunua mwenyewe, lakini kila nikipandisha bei Mzee Mbwambo anapandisha zaidi, mpaka akashinda, akatangaza, "Namzawadia mchungaji!" Mchungaji, ambaye hana hata baiskeli, akalipokea kwa kulikumbatia, grisi ikamchora kanzu nzima kifuani.

Mzee Mbwambo akanijia, akanishika bega. "Mwanangu, nilikuwa nakufikiria vibaya. Haya, nipakie twende nyumbani tukazungumze."

Hapo hapo Kiondo akatokea kibandani kwake, bado na joho lake la kwaya, pampu mkononi. "Eliamani, lete basi hilo gurudumu nikuzibie pancha, si unaenda ukweni leo?"

Mzee akaniangalia, akamwangalia mchungaji na zawadi yake, akaelewa yote.

"Kwa hiyo hukulitoa?"

"Hapana, baba."

"Linanadiwa mbele ya macho yako, nawe unapiga makofi. Siku wakija kumchukua binti yangu utafanyaje, utawaimbia pambio?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta, Namsifu mwenyewe akiwa wa kwanza (hilo ndilo liliniuma), mchungaji akanirudishia gurudumu kwa maombi mafupi, na mzee akaondoka kwa miguu, akisema nirudi kwake mavuno yajayo nikiwa nimepata sauti.

Basi nangoja, na ninafanya mazoezi. Pikipiki ikilia naipeleka kwa fundi, sifungui hata nati moja. Na kitu changu chochote kikiinuliwa hadharani, hata kandambili, napiga kelele kwanza, aibu nitaiona baadaye.