Mashimo Matupu ya Jumbe

Mwanne alifukua shamba la jumbe mchana kweupe, kwa mikono yake, watu wakimtazama. Na jumbe mwenyewe ni mdogo wake wa tumbo moja.

Msimwone kichaa. Sikilizeni mkasa wenyewe.

Ilikuwa Vihingo, Kisarawe, enzi za Mwingereza. Mvua ilipiga siku mbili tu, boma likatoa amri: kila mtu awe amepanda mahindi kabla ya Ijumaa. Atakayekaidi atakwenda kuchimba barabara.

Jumbe Shomari akapita nyumba kwa nyumba kuisimamia amri ile.

Mwanne, mjane mwenye wajukuu wanne, akamwambia hiyo si masika. Siafu bado walikuwa bondeni. Masika ya kweli ikikaribia, siafu hubeba mayai yao na kuhamia kilimani. Marehemu mama yao aliwaonyesha hayo tangu wadogo.

Shomari akamcheka mbele za watu. Eti mambo ya siafu ni ushamba.

Mwanne akatungua pishi tatu za mbegu zilizoning'inia juu ya moshi jikoni. Hakuwa na nyingine. Akapanda huku amefura kwa hasira.

Mahindi yakachipua. Kisha jua likawaka wiki tatu, yote yakafa. Kijiji kizima kiliambulia vijiti vikavu.

Ila shambani kwa Shomari hapakuwa na hata kijiti kimoja. Mashimo yamefukiwa kwa mstari, safi kabisa, na hakuna kilichowahi kuota.

Ndipo Mwanne akapiga magoti, akafukua. Shimo la kwanza, hamna punje. La pili hamna. La kumi hamna.

Shomari akaja mbio. "Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Siafu uliwaona?"

Jumbe akatazama chini. "Niliwaona. Mama alitufundisha wote wawili."

Mikono ilimwasha Mwanne, lakini hakumpiga. Alikwenda moja kwa moja hadi ghalani kwa Shomari, akapima pishi tatu, akajitwika. Majirani nao wakaingia na vikapu vyao.

Siku ya nne siafu walihama.

Mimi mtu asiyejua mvua namsamehe. Lakini anayejua, akakulazimisha umwage mbegu zako huku zake kazificha, huyo usimwite mjinga. Anajua anachofanya.

Mwanne aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo. Shikamoo ya Shomari hakuiitikia hata siku moja.