Muhogo wa Wana wa Israili

Nilipokuwa na umri wa miaka arubaini hivi nilikuwa hodari sana wa kuwalaumu Wana wa Israili. Ilikuwa kazi nyepesi, kwani hawakuwapo kunijibu.

Tulikuwa Ibra, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Tulikuwa tumerudi Omani kutoka Unguja, ingawa neno kurudi lilikuwa la heshima tu, maana katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kufika kabla. Marehemu baba alitusimulia Ibra utoto wetu wote: maji ya mfereji wa falaji yanayopita karibu na mlango, makomamanga yanayopasuka mtini, tende zisizokwisha. Naye alihadithiwa na baba yake. Tulipofika tulikuta falaji, tulikuta makomamanga, tulikuta tende. Sijapata kuona ahadi iliyotimizwa barabara namna ile. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuahidi kitu kingine.

Aliyetaabika zaidi ni mama yangu. Mwaka wa nne alianza kukataa chakula. Tende zilimchosha, mkate ulimkwama, nyama ya mbuzi hakuitaka hata kuinusa. Alikuwa akinywa chai na kusema ameshiba. Siku moja alipokuwa akitawadha pete ya ndoa ikamtoka kidoleni, ikaanguka ndani ya ndoo. Nikampeleka hospitali. Daktari Mhindi akampima, akasema hana maradhi, apewe anachokipenda, na kama hatakula hatafika mwaka ujao. Alichokipenda ni muhogo wa nazi. Mimi nilimwambia asubiri, nikamwombea dua. Nilijiona mtoto mwema.

Kila Jumatatu baada ya alasiri nilikuwa nikisomesha darsa nyumbani kwangu, wanaume mbele yangu na wanawake nyuma ya pazia. Nilisomesha kwa Kiswahili, maana wakubwa wetu wengi Kiarabu chao kilikuwa cha sala tu. Jumatatu moja nilifika kwenye miujiza ya Nabii Musa. Nikawaeleza jinsi bahari ilivyopasuka, mawingu yalivyowafunika watu wake jangwani, jiwe lilivyotoa chemchemi kumi na mbili, na mana na ndege wa salwa walivyowashukia bila jasho. Kisha nikapandisha sauti. Watu hao, nikasema, walioona yote hayo kwa macho yao, walimwendea Nabii wao kulalamika kwamba wamechoka na chakula cha namna moja. Walitaka matango, dengu na vitunguu.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mama. "Kwani kutaka kitunguu ni dhambi?"

Nikajibu kwamba dhambi si kitunguu, ni kutoshukuru.

"Na Mwenyezi Mungu akawajibu nini?"

Hapo nikasita kidogo, kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuishia kwenye kosa lao. Nikasema wakaambiwa washuke katika mji wowote, huko watayapata waliyoyaomba.

"Watayapata," akasema mama.

"Ni maneno ya kuwakemea, mama."

"Nimesikia. Lakini watayapata."

Mwanamke mwingine akauliza, "Mwalimu, na mji wenyewe uko wapi?" Pazia zima likatikisika kwa kicheko. Nikafunga darsa mapema.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama amekaa mlangoni na kikapu. Akaniambia nishuke mjini. Nikamweleza kwamba Omani nzima haina muhogo.

"Bahari imepasuka, sembuse muhogo," akasema. "Nenda, baba."

Nilikwenda soko la Matrah, na nitasema kweli: nilikwenda ili nirudi nimwambie sikuupata. Nazi niliziona mara moja, zimetoka Salala, kusini ya nchi. Muhogo niliuuliza kila banda, nikiuchora kwa kidole hewani, nikaonyeshwa figili, viazi, hata kuni. Adhuhuri nikaswali, nikaingia mkahawa wa Wahindi wa Malabari kula, roho yangu imetulia kabisa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mpishi, amevaa msalaba shingoni, alikuwa amekaa juu ya gunia akimenya muhogo.

Nikaenda dirishani kumuuliza. Akanieleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba kwao ndicho chakula cha kila siku, wenzake humletea. Nikamwambia nautaka kwa ajili ya mama yangu mgonjwa. Akajaza kikapu. Halafu akafikiri, akasema naye ana mama, akaongeza miwili mikubwa. Njia nzima ya kurudi sikuweza kuomba dua yoyote isiyokuwa ya kumwombea yule mpishi, na sikuwa na uhakika niiweke vipi.

Mke wangu akatoa mbuzi ya kukunia nazi tuliyokuja nayo kutoka Unguja, akaifuta vumbi. Mama akawekewa sahani. Akala kipande, akala cha pili. Sisi tumesimama tunamtazama mdomo kama watu wanaongoja mwezi uandame. Baada ya kipande cha tatu akamgeukia mke wangu. "Chumvi imezidi," akasema, na mke wangu akaenda jikoni kulia kwa furaha, kwani kwa miezi mitatu mama hakuwa amejali chumvi ya chakula chochote.

Mimi nilikula sahani mbili.

Darsa ya Jumatatu iliyofuata ilijaa hadi uani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri juu ya subira. Nilipouliza kama kuna mwenye suala, nyuma ya pazia wakataka kujua mkahawa uko upande gani wa soko, na kama yule mpishi anapata na ndizi za kupika. Nikawaambia waandike wanavyovitaka. Karatasi ikapita kutoka mkono hadi mkono, ikanifikia imejaa pande zote mbili. Kabla ya kuikunja nilitafuta pembe iliyobaki wazi, nikaongeza kwa mkono wangu: papa mkavu.