Vyumba Vipya vya Birthe Klausen

Birthe Klausen alikuwa jirani yangu hapa bandarini Rødbyhavn, mjane wa baharia wa feri, mwanamke asiyependa porojo. Nyumba yake ya wageni ilikuwa ndogo, lakini ilimlisha. Madereva wa malori waliokosa feri walilala kwake, asubuhi wakala mkate mweusi na samaki wa siki, kisha wakavuka kwenda Ujerumani.

Ndipo yakaja maneno ya handaki. Ofisa mmoja wa maendeleo alitukusanya ukumbini, akasema njia itachimbwa chini ya bahari mpaka ng'ambo, na wajenzi watamiminika.

"Watalala wapi? Watakula wapi?" akauliza, kisha akajijibu mwenyewe: "Kwenu!"

Birthe aliuza shamba la viazisukari aliloachiwa na mumewe. Akapandisha ghorofa, akanunua vitanda vipya na jiko la kupikia umati.

Wajenzi walikuja kweli. Lakini kampuni iliwajengea kambi yao nje ya mji, yenye vyumba, bwalo, duka, hata kinyozi, ikaizungushia uzio. Chakula chao kilitoka mbali kwa malori. Sisi tuliletewa vumbi, na mtikisiko uliogonganisha vikombe kabatini. Hata wale madereva wa zamani wakaacha kulala kwa Birthe; nani alipie kitanda apigiwe kelele za mashine?

Siku moja akaja mtaalamu wa uchumi kutoka mji mkuu, Copenhagen, jina lake Rasmus, kuandika jinsi mradi ulivyowainua wenyeji. Mimi nilikuwa jikoni kwa Birthe, nikimrekebishia bomba. Birthe alimkaribisha mezani, na bwana yule akala mayai, maini ya kusaga na jibini kama aliyetoka kufunga.

"Chakula kitamu, mama. Wageni wako wamekwenda kazini?"

"Wageni gani?"

"Wajenzi."

"Wako kambini kwao. Hapa hajalala hata mmoja."

Rasmus akaendelea kutafuna. "Lakini vyumba uliongeza, sivyo? Basi huo ni ukuaji. Nitaandika kwamba nafasi za malazi zimeongezeka."

"Andika na kwamba zinalaliwa na buibui."

Akacheka, akatoa kamera. "Hebu tuite majirani wachache wakae hapa mezani. Huyu fundi naye avae koti la wajenzi, ninalo garini. Ni picha tu, mama, haiumi."

Birthe alikitazama kiini cha yai kilichogandia ndevuni mwa yule bwana, kama mtu anayetazama alichokikanyaga njiani.

"Unakula kwangu, halafu unataka nikusaidie kunisingizia?"

"Si kusingizia. Tunaonyesha matumaini."

Birthe akainyakua sahani mbele ya Rasmus, akafungua mlango wa nyuma, akawamwagia kuku wake uani. "Hawa wakila, hutaga. Wewe toka!"

"Mama, usikasirike..."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekufunza kuona haya!"

Rasmus alipoondoka nilicheka hadi nikakaa chini. Birthe hakucheka. Alisugua mikono kwa sabuni, akarudia, kana kwamba ameshika mzoga.

Majira ya baridi yalipombana, aliomba kazi kule kambini, akapewa ya kufua mashuka. Hakudumu. Jioni moja alinijia na harufu ya dawa ya kufulia bado mikononi.

"Egon," akaniambia, "wale vijana hawajanikosea. Wengine hunisalimia vizuri kuliko watu wetu. Lakini nikiyashika yale mashuka, naviona vitanda vyangu vitupu. Nitatapika ndani ya mashine ya watu."

"Basi acha, dada."

"Nimeshaacha."

Nyumba aliiuza kwa bei ya kutupa. Sasa anapikia wazee kwenye makao yao mjini Nykøbing, na wanampenda. Jumapili huja kwangu kwa basi, tukala nyama ya nguruwe na kabichi. Redio ikianza habari za neema ya maendeleo, huizima kabla hajameza tonge, kisha huniomba nimpitishie chumvi.