Chini ya Taa ya Mionzi

Kila jioni mume wa mtafiti humkuta mkewe maabarani, ameinama, miwani imeteremka puani, mikono imekauka kwa kuvaa glavu kutwa. Kazi yake ni kuchanganya vumbi jekundu, mfano wa udongo wa sayari nyingine, na molekuli zenye kaboni, zile ambazo viumbe hai hujengwa kwazo, kisha kuziweka chini ya taa ya mionzi mikali kama ile inayoichoma sayari isiyo na hewa ya kutosha kuikinga. Anataka kujua kama zinaweza kusalimika juu ya ardhi ya namna hiyo. Mumewe akimuuliza habari za kazi, hujikanda shingo na kujibu kwa sauti ya chini, "Zimeungua tena, baba watoto."

Mkuu wa maabara alikuwa ameshasema jaribio la jana lingekuwa la mwisho. Katika jaribio hilo vumbi lilitiwa chumvi. Jioni mume alimkuta mkewe ameikodolea macho mashine ya kupimia.

"Zimebaki," akasema. "Kidogo tu, lakini zimebaki."

"Mbona hufurahi?"

"Nimepima na kupima tena. Nguvu za kufurahi zimeniishia."

Mume akavuta kiti, akamwomba amweleze. Mkewe akaanza kusimulia jinsi chumvi inavyozifunika molekuli zisipigwe na mionzi, na kabla hajafika mbali usingizi ukambeba, kichwa begani mwa mumewe. Mkuu alipochungulia mlangoni kutaka matokeo, mume hakusogea.

"Zimebaki, mzee," akanong'ona. "Mwache kidogo."