Mbwa Aliyewinda Mabuti Yangu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu kwenye shamba la wakwe zangu ilikuwa kupanda mtama. Si mtama wa kuliwa na watu. Ni wa kwale kujifichia, Novemba wawindaji wanapotujia kutoka mji wa Wichita na mabuti yao mapya. Watu wakiniuliza nafanya nini, nilijibu, "Tunafundisha mbwa," na sikufafanua ni nani hasa anayewafundisha. Waliowafundisha ni mama mkwe wangu, Arvilla Stucky, mwenye miaka sabini na minne, na mwanawe Galen. Mimi nilifyeka njia, nikaziba nyavu za banda la ndege, na kila Machi nikachoma majani makavu. Mwaka mmoja nilichoma pia choo cha wageni. Hilo la choo husimuliwa kila Krismasi, na kila mwaka moto unakuwa mkubwa zaidi.

Mei hii Mama alinikuta juu ya mashine ya kufyekea, akanikabidhi kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Tansy, mbwa jike wa mwaka mmoja, mweupe mwenye madoa ya kahawia.

"Wendell, mchukue huyu. Jumamosi ya mwisho ya Agosti nitakuja kumwangalia. Akiwa sawa, msimu ukifunguliwa utatoka naye na wageni. Asipokuwa sawa, binamu yangu kule Salina anatafuta mbwa wa kulala barazani."

"Na mimi je, Mama?"

"Mtama upo."

Akaongeza kwamba nimwombe Galen anisaidie kuwalaza ndege. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, najua.

Kumlaza kwale ni hivi: unamzungusha taratibu mkononi, unamfichia kichwa chini ya bawa, unamweka kwenye nyasi kama kitoto kichanga, naye anabaki hapo anasinzia. Kisha unakwenda kumfungulia mbwa. Mbwa akimnusa anatakiwa agande, mguu mmoja juu, asimrukie, mpaka wewe ufike. Kumwomba Galen msaada nikaona ni kujishusha. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na tisa, iweje sifa nigawane na shemeji? Kila asubuhi nikawalaza kwale mwenyewe, nimevaa mabuti yangu mwenyewe.

Tansy aliganda siku ya tatu tu. Kufika Juni alikuwa hakosei hata ndege mmoja. Nikavimba kichwa. Filimbi ya mbwa niliivaa shingoni hadi kanisani. Kwenye kahawa ya asubuhi pale kwenye ghala la nafaka niliwafundisha wazee waliofuga mbwa tangu sijazaliwa. "Mbwa husoma akili ya mwalimu wake," niliwaambia. Wazee walitazamana, wakaendelea kunywa kahawa.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilizunguka shambani kutafuta spana niliyoidondosha. Sikuiona. Nikamfungulia Tansy anyooshe miguu tu, wala sikuwa nimelaza ndege. Akakimbia hadi kwenye nguzo nilipokuwa nimechutama kufunga kamba za buti, akaganda. Nikaenda kutazama. Hapakuwa na kitu. Akakimbia tena hadi niliposimama kula mkate wangu, akaganda vizuri zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiangazi kizima mbwa huyu hakuwa ametafuta kwale hata siku moja. Alifuata harufu ya mabuti ya Wendell Krehbiel mpaka inapoishia, na mwisho wake kila siku alikuta ndege.

Mtu mwenye haya angekwenda jikoni kwa Mama siku ileile akasema ukweli. Mimi nilikaa wiki nzima nikipanga hila. Jumamosi alfajiri nilikuwa wa kwanza uani.

"Mama, acha nikubebee tenga la ndege. Mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini?"

"Hauna kitu, Mama."

"Basi beba."

Nikamfuata, nikiburuta nyayo makusudi kila alipomlaza kwale. Kwale wote watatu wakapata harufu yangu ya kutosha. Nikajiona mjanja. Ndipo Mama akasema, "Wendell, hebu kaangalie hori la maji kule kama linavuja." Nikaenda. Halikuvuja. "Na lile lango la waya." Nikaenda. "Na ile nguzo ya pembeni." Nilipofika kwenye nguzo jasho lilikuwa linanitiririka, na jua lilikuwa halijachomoza.

Galen akamfungulia Tansy. Mbwa akafuata nyayo zangu za mwisho moja kwa moja hadi kwenye hori, akaganda kwa uzuri ambao sijawahi kuuona. Hapo hapakuwa na ndege. Akaenda kwenye lango, akaganda. Njiani alipita hatua mbili kutoka kwa kwale wa kwanza. Kwale akazinduka, akaruka mbele ya pua yake, naye hakumtazama. Alikuwa na haraka ya kufika kwenye nguzo.

Galen alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, mbwa anakuwinda wewe! Msimu ukianza uvae koti la rangi ya machungwa, wageni wasije wakakupiga risasi!"

Halafu akaniona uso, akanionea huruma. "Lakini Mama, huenda kwale walikimbia kwa miguu. Si unajua wanavyokimbia."

Kila mfundisha mbwa amewahi kukitumia kisingizio hicho, na sasa nilikuwa nimeletewa bure. Nilifungua mdomo nikipokee. Lakini Tansy bado alikuwa pale kwenye nguzo, anatetemeka kwa furaha, ananitazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefanya kila kitu nilichomfundisha. Niliona aibu mbele ya mbwa kuliko nilivyowahi kuona mbele ya mchungaji.

"Hakuna kwale pale, Mama," nikasema. "Ni nyayo zangu. Nimejua tangu Jumamosi iliyopita, na lile tenga nililibeba ili nikudanganye."

"Najua," akasema Mama. "Jikoni nina dirisha."

"Umejua tangu lini?"

"Juni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia Mei, ukasema unajua." Akapangusa miwani yake. "Miaka kumi na tisa, Wendell, leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia kitu bila kukipamba. Hata choo ulisema ni upepo."

"Upepo ulikuwepo, Mama."

"Ulikuwepo. Na kiberiti alikuwa nacho nani?"

Nilimuuliza kuhusu Salina. Akasema mbwa mwenye pua kama ile hawezi kupelekwa kulala barazani. Galen ndiye atakayelaza ndege, na mimi nisikanyage shamba lile mpaka Oktoba. Kisha akanyoosha mkono, nikavua filimbi na kumkabidhi.

Kwa hiyo Septemba nzima nilikaa ndani ya pikapu barabarani, vioo vimefungwa nisinuke nje, darubini machoni. Mke wangu Lorna aliniletea chakula akicheka. "Mume wangu amefukuzwa shambani kwa harufu," aliwaambia majirani. Wiki ya kwanza Tansy alizunguka shamba lote akitafuta mabuti yangu. Alipoyakosa alilala chini katikati ya nyasi, akakataa kuinuka. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Wiki ya tatu upepo uligeuka, naye akageuka nao, akaganda kwenye mtama wangu. Galen akasogea, kwale akaruka. Nilipiga honi kwa furaha mpaka ndege wote wa shamba wakakimbia, na Galen akanionyesha ngumi.

Oktoba mosi Mama alinirudishia filimbi. "Tembea mpaka katikati ya shamba, usimame," akaniambia, "nimwone mbwa." Nikatembea, nikasimama. Galen akamfungulia Tansy. Akaja mbio kwenye nyayo zangu, akanifikia, akanusa buti la kushoto, akanusa la kulia. Kisha akanipita, akaingia kwenye mtama kutafuta ndege.

"Yuko tayari," akasema Mama. "Novemba utatoka naye."

Nilifurahi, kweli nilifurahi. Ila Galen aliniita mara mbili kabla sijasikia, kwa sababu nilikuwa bado nimeganda palepale, nangoja mbwa anione.