Saa Mbili na Nusu Asizotaka Kuzisikia Mzee Luvsan

Saa moja na nusu asubuhi, Sarangoo anapima tikiti maji kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Khovd. Mwenye tikiti anabisha.

"Dada, nyumbani lilikuwa jepesi hili!"

"Basi lile hapa hapa, lipungue," anamjibu, na foleni yote inacheka.

Ana miaka thelathini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mezani hapa. Anapima mizigo, anakagua tiketi, kisha anatangaza safari ya Ulaanbaatar, mji mkuu: zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja, muda wa saa mbili na nusu. Kwa barabara ni siku mbili, matairi yakikubali.

Leo abiria mmoja anamnyima raha. Ni baba yake, mzee Luvsan, dereva wa lori mstaafu, aliyekaa mstari wa mbele na bandeji jichoni. Daktari amesema pazia la ndani ya jicho limeanza kuachia. Asipopasuliwa Ulaanbaatar kesho Ijumaa, jicho limekwenda. Na gari asiguse, mitikisiko ya njia italimaliza.

Tatizo ni hizo saa mbili na nusu. Kwetu, kumuuliza dereva tutafika lini ni kuita mkosi. Mimi niliwahi kuuliza, ujana tu, dereva akasimamisha lori akanishusha. Akaniambia miguu yangu itanijibu. Dereva mwenyewe alikuwa huyu huyu Luvsan.

"Miaka thelathini na nane sijataja saa ya kufika, na sijapindua gari," ananiambia sasa, mimi niliyekuja kumsindikiza. "Hawa injini hata hawajawasha, tayari wanajua! Ujeuri gani huu?"

Jumatatu alikuwa amekaa hapo hapo. Mfanyakazi mwingine alipotamka muda tu, mzee akabeba begi lake akatoka, ndege ikaondoka bila yeye. Sarangoo alijifungia chooni akalia.

"Nimesafirisha maelfu ya watu," anasema, "baba yangu mwenyewe ananishinda. Naogopa, nakwambia kweli."

Wakati umefika. Anashika kipaza sauti. Kanuni inamtaka ataje vyote. Anataja mji, anataja kilomita. Mzee tayari amekamata begi.

"Kuhusu muda," Sarangoo anasema, "mwenye haja nao aje hapa mezani. Nitamnong'oneza."

Ukumbi unaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mikoba miwili anamgeukia Luvsan. "Twende, kaka. Binti huyu kalelewa!"

"Nimemlea mimi," mzee anasema, na anainuka.

Nje ya uzio mkewe anarusha maziwa kwa kijiko cha mbao, kuibariki njia, mpaka ndege inapotea angani.

Sarangoo haangalii saa ya ukutani hata mara moja. Simu inapolia ni kaka yake, kutoka Ulaanbaatar. Baba ametua salama, wako njiani kwenda hospitali, na analalamika kwamba ndege haina honi.

Sarangoo anajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Akirudi anaona, tutatoa lile lori lake, anipeleke ziwani," anasema. "Nitakaa mbele, kama zamani."

"Atarudi lini?" namuuliza.

Ananikazia macho.

"Na wewe! Hujakoma tu, hata baada ya kushushwa?"